Simba Kwenye Kisu cha Siagi

Kisu cha siagi hakina makali. Hilo ndilo jambo la kwanza baba alilotufundisha juu yake, na ndilo lililokuwa gumu kuliko yote kueleweka nyumbani kwetu. Bapa lake ni pana, ncha imeviringwa kama ulimi wa ndama, na mpini umepinda kidogo ili kiweze kulala ukingoni mwa sahani bila kuchafua kitambaa cha meza. Hakimenyi ndizi, hakikati nyama. Kazi yake ni moja tu, kupaka siagi kwenye mkate.

Baba alipotamka neno hilo, kupaka, mdogo wangu wa kike akauliza ni nani anayepakwa. Alikuwa bado mdogo sana, na swali lake lilikuwa la haki. Kwetu Ngara siagi ilikuwa ya mwili. Mtoto mchanga alipakwa, na bibi harusi alipakwa mpaka mabega yake yakang'aa. Mkate wenyewe alikuwa hajauona zaidi ya mara chache. Baba alicheka hadi akashika ukuta.

"Mkate nao ni bibi harusi," alimjibu. "Wazungu wanampaka, halafu wanamla."

Hicho ndicho kicheko cha baba ninachokikumbuka vizuri zaidi. Tulikuwa bado Nyamiaga, kwenye nyumba yetu ya zamani yenye migomba kila upande, na mama alikuwa hai.

Kabla ya Uhuru baba alikuwa mpishi Biharamulo, katika nyumba ya mkuu wa wilaya wa kizungu, jirani na boma. Walipofungasha kuondoka, memsabu, mke wa mkuu huyo, aligawa vitu kwa watumishi. Mmoja alipata baiskeli, mwingine viti. Baba alipewa kitambaa kizito cha kijani chenye mifuko mingi iliyoshonwa, na kila mfuko ulikuwa na chombo chake cha mezani. Memsabu alimwambia kwamba ni kwa sababu aliviosha miaka yote bila kupoteza hata kimoja. Wenzake walimcheka njia nzima. Mwenye baiskeli alimpita akipiga kengele.

Wakati wa kiangazi baba alikuwa akikitandika kitambaa hicho juu ya mkeka uani ili kipate hewa, na hapo ndipo aliponifundisha. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa; mdogo wetu wa kiume alikuwa bado anabebwa mgongoni. Alikuwa ananipa chombo mkononi huku nimefumba macho, na mimi nakitaja kwa kukigusa. Koleo la sukari lilikuwa jepesi kulitambua, lina miguu miwili inayobanana na mwisho wake ni kama kucha za ndege. Upawa mdogo wa mchuzi ulikuwa na mdomo uliochongoka upande mmoja. Mwiko wa samaki ulikuwa mpana, umetobolewa matundu ya mfano wa maua ili maji yachuruzike. Uma wa achari ulikuwa mwembamba, mpini mrefu, wa kuingia mdomoni mwa chupa. Visu vidogo vya siagi vilikuwa vingi, kwa kuwa kila anayekula alikuwa na chake, lakini kile kikubwa kilikuwa kimoja, nacho hukaa na sahani ya siagi katikati ya meza. Mtu anachota kwa kikubwa, anaweka pembeni mwa sahani yake, kisha anapaka kwa kidogo. Nilimuuliza baba kwa nini wasitumie kimoja tu. Alisema hata yeye alijiuliza hivyo, na hakuna aliyemjibu.

Halafu alinionyesha simba.

Kwenye bapa la kisu kikubwa, karibu na mpini, palikuwa na alama ndogo kama chawa. Ukiigeuza kwenye jua unaona simba anayetembea, mguu mmoja wa mbele ameuinua. Upawa wa mchuzi nao ulikuwa na simba, na koleo la sukari pia. Vingine vyote havikuwa naye. Vilikuwa na herufi nne tu, E, P, N na S, ambazo baba alizijua kama michoro bila kujua zinasema nini. Lakini memsabu alikuwa amemweleza tofauti. Chenye simba ni fedha mpaka moyoni. Chenye herufi nne kimepakwa fedha juu, ndani ni kitu kingine.

"Kimepakwa kama bibi harusi," baba alisema. "Ukisugua, unaikuta ngozi yake ya zamani."

Kulikuwa na njia nyingine ya kutambua. Unatia kijiko kwenye uji wa moto, unashika mpini. Fedha halisi inapeleka moto haraka, vidole vinaungua kabla hujamaliza kusema neno. Lakini baba aliamini zaidi alama. Moto unamwonyesha aliyeshika, alisema, na simba anaonekana na kila mtu. Na kuvisafisha alikuwa na taratibu zake. Alisaga chaki iwe unga laini, akachukua kitambaa kikuukuu, akapitisha polepole kwa kuelekea upande mmoja. Majivu aliyakataza. Mchanga hakutaka hata kuusikia. "Sufuria unaisugua," aliniambia. "Hivi unavipapasa."

Mimi niliyasikia hayo mara nyingi. Mdogo wangu wa kike aliyasikia akiwa wa umri wa kukimbiza vifaranga, na alichokishika ni ile hadithi ya mkate na bibi harusi.

Kisha tulihamishwa. Ilikuwa wakati wa vijiji vya ujamaa, na watu wa kilimani walitakiwa kushuka wapangwe kando ya barabara. Migomba tuliiacha ikiwa na mikungu. Tulijenga kibanda cha nyasi kwenye kiwanja tulichopimiwa, na kile kitambaa cha kijani baba alikificha chini ya mbegu za maharage kwenye kapu. Katika mikutano ya kijiji maneno kama bepari na kupe yalikuwa yanatembea, na mtu mwenye vyombo vya fedha angeweza kutungiwa wimbo. Hata hivyo siri ilivuja. Jirani mmoja, mtu wa utani, alikuwa akipita mlangoni anauliza, "Mpishi, leo ugali mnaula kwa koleo?"

"Koleo ni la sukari," baba alimjibu. "Na wewe sukari umeiona wapi?"

Watu walicheka, kwa kuwa sukari ilikuwa imeadimika. Lakini baba hakukitandika tena kitambaa kile uani.

Mvua za kwanza zilikikuta kibanda bado hakijakandikwa. Mama alikuwa mjamzito. Alijifungua katika unyevu ule, na yeye na mtoto hawakufika mwisho wa mwezi. Nilikuwa darasa la tano. Mwalimu alikuja kuuliza lini nitarudi, baba akanitazama, mimi nikamjibu mwalimu kwamba nitarudi mdogo wangu wa kike akiweza kuchota maji mwenyewe. Sikurudi. Kusoma na kuandika kwa kweli nilikuja kujifunza baadaye, katika madarasa ya watu wazima, nikiwa nimekaa kwenye benchi na wanawake wenye wajukuu.

Vita vya Uganda vilipokuja, sisi tulivisikia kwanza kwenye redio ya ofisi ya kijiji, halafu tukaviona kwa malori. Yalipita mchana kutwa kuelekea kaskazini, na vijana wa kijiji waliondoka nayo wakipunga mikono. Sabuni ilipotea, chumvi ikafuata, kisha mafuta ya taa. Baba alianza kukohoa mwaka huo. Dawa zilikuwa zimepungua kila mahali, na yeye alikuwa mtu asiyependa kusumbua watu. Akawa anakonda kimyakimya.

Siku aliyojua kwamba hatapona, aliniambia nikitoe kile kitambaa. Hakukifungua. Alikiweka kifuani akakishika kwa mikono miwili.

"Vyenye simba usiviuze kwa njaa," alisema. "Njaa inarudi. Viuze kwa kitu kitakachowaweka pamoja."

Alinitajia sonara mmoja mzee wa Biharamulo, ambaye zamani alikuwa akimtengenezea memsabu hereni na mikufu. Alisema huyo atamjua simba.

Tulimzika baba. Matanga yalipokwisha, baba mdogo, ambaye alikuwa amehamia Nyamigogo akilima huko, alikaa na wazee wakatugawa. Nasema walitugawa kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, ingawa walifanya kwa upole. Mdogo wangu wa kiume angekwenda kwa mjomba, mbali upande wa ziwani. Mdogo wangu wa kike angekwenda Nyamigogo. Mimi ningebaki kwa shangazi nikingoja kuolewa. Hakuna aliyetuuliza. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikichambua mchele wa kukopa, nikasimama nikasema watoto hawa nitawalea mimi.

Baba mdogo hakukasirika. "Utawanywesha nini, mwanangu? Wewe ni binti. Kesho kutwa utaondoka."

"Siondoki, baba."

"Wote husema hivyo."

"Mimi siondoki."

Hakuwa mtu mbaya, na nimejitahidi miaka yote nisimfanye kuwa mbaya. Alisema mji usio na ng'ombe hauwezi kulea watoto. Kama nitapata ng'ombe, hata mtamba mmoja, ataniachia wadogo zangu wote wawili. Angerudi maharage yakikomaa kuangalia. Wazee waliafiki, na nadhani waliafiki kwa urahisi kwa sababu waliamini haitawezekana.

Mimi niliamini itawezekana. Mzee mmoja pale kijijini alikuwa na mtamba mwekundu wa kuuza, akakubali kunisubiri. Nilikuwa na simba watatu ndani ya kapu. Niliwaambia wadogo zangu waziwazi kwamba tuna vyombo vya fedha, kwamba nitavipeleka Biharamulo, na kwamba vitageuka ng'ombe, na ng'ombe atatuweka pamoja. Neno lile fedha liliwachanganya. Mdogo wangu wa kiume aliuliza kama ni fedha ya kuchimbwa au fedha ya dukani. Nikamwambia ya kuchimbwa itazaa ya dukani. Walilala wakizungumza jina la ng'ombe.

Siku iliyotangulia safari nilikuwa zamu kwenye shamba la kijiji tangu asubuhi hadi jua kuzama. Kesho yake lori la kwenda Biharamulo lilipiga honi barabarani kabla sijamaliza kufunga kitenge. Mdogo wangu wa kike alinijia mbio na kitambaa cha kijani, amekifunga kwa kamba vizuri, uso wake umejaa furaha asiyoweza kuificha.

"Nimevitengeneza, dada," alisema. "Huyo sonara asije akasema sisi ni wachafu."

Nilimshukuru. Nilipanda lori.

Njiani mgambo walitusimamisha wakakagua mizigo. Vita vilikuwa vinaelekea mwisho, na watu walikuwa wakirudi kutoka kaskazini na redio, saa na vitambaa vya Uganda. Kila mfuko ulifunguliwa. Wangu ulikuwa na viazi juu, wakauacha.

Duka la sonara lilikuwa chumba kimoja nyuma ya soko. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza nimetoka wapi. Nilipomwambia mimi ni binti wa mpishi, aliweka chini saa aliyokuwa akiitengeneza. "Yule wa skonzi," alisema. Alinipa pole ya msiba, akamwita mkewe alete chai. Nilihisi baba amenishika mkono. Nikakiweka kitambaa mezani, nikakikunjua.

Vyombo viling'aa kama sijawahi kuviona. Kwa muda mfupi nilifurahi. Kisha nikaona mwiko wa samaki una baka la njano katikati, njano iliyofifia, na vile visu vidogo vyote vina njano mabegani. Vilikuwa vimesuguliwa kwa mchanga wa mtoni, mpaka fedha iliyopakwa ikatoka na ngozi ya zamani ikaonekana. Na kile kisu kikubwa cha siagi, kile cha katikati ya meza, kilikuwa na makali. Kilikuwa kimenolewa kwenye jiwe, pande zote mbili, tangu ncha hadi kwenye mpini. Mahali alipokuwa simba palikuwa na mikwaruzo myeupe.

Sonara alibandika kioo chake jichoni akainama.

"Nani amekinoa?"

"Mdogo wangu."

"Kwa nini?"

"Kilikuwa hakikati, mzee."

Alikitoa kioo jichoni. Nilitazamia acheke, hakucheka.

Alichukua upawa, akachukua koleo. Alama zake zilikuwa zimefifia tangu zamani kwa kupapaswa na baba miaka na miaka, na mchanga ulikuwa umemalizia. Hapakuwa na simba. Nilishika upawa nikautia kwenye chai ya moto aliyonipa, nikampa ashike mpini. Aliuachia upesi.

"Inachoma," nilimwambia. "Umeona mwenyewe."

"Nimeona. Mimi naamini ni fedha. Na huyo simba namjua, memsabu alikuwa akiviacha hapa nivinyooshe." Alivuta mlango ukabaki wazi kidogo tu. "Lakini askari hataamini chai, binti. Siku hizi wanapita maduka yote kutafuta mali za vita. Kitu kilichofutwa alama, wao wanajua ni cha wizi. Watamchukua aliyenunua, na watamfuata aliyeuza. Simba angekuwepo, ningesema hiki ni cha fulani, kilikuwa hapa kabla ya Uhuru. Sasa nitasema nini?"

Nilimwomba. Nilimweleza habari za watoto, za mtamba, za maharage kukomaa. Alinisikiliza mpaka mwisho, na mkewe naye alisikiliza akiwa amesimama na birika. Aliposema hapana mara ya pili, aliisema akitazama meza. Mkewe alinifungia mkate kwenye karatasi niwapelekee wadogo zangu.

Kitu ninachokumbuka juu ya safari ya kurudi ni kwamba sikuwaza juu ya ng'ombe wala baba mdogo. Niliwaza mtoto wa kike akiwa mtoni, amepiga magoti kwenye maji, anasugua kwa nguvu zake zote kama alivyofundishwa kusugua sufuria, ili dada yake asiaibike. Niliwaza alivyokijaribu kile kisu kwa kidole, akakuta hakikati, akatikisa kichwa, akatafuta jiwe. Nani angenunua kisu kisichokata? Hata mimi, kama nisingefumba macho kwenye ule mkeka wa baba, ningefanya vilevile.

Alikuwa ananisubiri barabarani. Mdogo wetu wa kiume alikuwa nyuma yake na kamba aliyokuwa ameisokota kwa ajili ya ng'ombe.

"Walivipenda?" aliniuliza.

"Walivipenda sana. Walisema hawajaona vinavyong'aa namna hiyo."

"Sasa mbona umerudi navyo?"

Nilimjibu kwamba ni kwa sababu ya vita, watu hawanunui. Alikubali. Wakati ule kila kitu kilikuwa kwa sababu ya vita. Tulikula ule mkate mkavu, na yeye akafanya kama anaupaka mabegani ili kutuchekesha.

Maharage yalipokomaa baba mdogo alirudi kama alivyosema. Alitazama uani, akatazama nyuma ya nyumba. "Yuko wapi?" aliuliza, na ninaamini kweli alitumaini kumwona. Nilikuwa nimejaribu kila mlango. Mjomba naye alikuwa ametuma mtu. Mdogo wangu wa kiume aliondoka kwanza, na kamba yake akaiacha imening'inia mlangoni. Nilifungasha nguo za mdogo wangu wa kike, ambazo hazikujaza hata kikapu, nikaweka kile kisu juu yake.

"Lakini ni cha fedha," alisema.

"Ndiyo. Ni cha siagi. Nyamigogo kuna ng'ombe."

Alitembea nyuma ya baba mdogo bila kulia, akigeuka kila baada ya hatua chache, mpaka kona ya barabara ikawachukua.

Nilisema siondoki, na sikuondoka. Nilikataa posa mbili kwa sababu nilikuwa nangoja kuwarudisha, na nilipoacha kungoja, hakuna aliyeuliza tena. Mdogo wangu wa kiume alikwenda na wavuvi, na habari za kifo chake nilizipata kwa mpita njia aliyedhani nilikuwa nimekwisha kuambiwa. Mdogo wangu wa kike hakupelekwa shule. Alichunga ndama, kisha akaolewa kutoka pale pale zizini. Tuna heshima nyingi tukikutana, tunaulizana habari za mazao, na mimi nazungumza na mtu ambaye sikumlea.

Koleo na upawa ninavyo. Vimekuwa vyeusi, na chaki ipo dukani, lakini siwezi kuvipapasa.

Kisu anacho yeye. Kimekuwa chembamba kama jani la mkindu kwa kunolewa, anamenyea ndizi. Kila nikienda, anawaonyesha wanawe. Anawaambia kilikuwa cha memsabu wa Biharamulo, kilikuwa hakikati kitu, na ni yeye aliyekinoa kwa mara ya kwanza akiwa mtoto, siku mama yao mkubwa alipokwenda mjini. Anawaambia sonara alishangaa. Kisha ananigeukia.

"Si kweli, dada?"

"Kweli kabisa," huwa namjibu. "Alishangaa sana."

Yeye hajui kusoma. Wanawe wanajua. Kama mmoja wao atafika kwenye kurasa hizi, namwomba asimsomee mama yake.